Alama ya Kutoa

Miaka kumi na moja, Oshawa, nilifunga usukani:
bolti moja katikati, plagi mbili, kofi la kiganja,
gari likasogea, likaja jingine,
mia nne kwa zamu, yote ya kijivu au meupe.
Sikuendesha hata moja.
Nilipanda basi, nikasinzia dirishani.

Siku walipofunga lango la kusini
walitugawia bahasha na keki.
Keki ilichorwa lori.
Nilikata kipande chenye tairi, nikakila nimesimama.

Usukani huu wa leo ni wa Lorne Kowalchuk, nyumba ya pili,
wa michezo, wa plastiki, ngozi yake imechubuka
pale mikono ya mwanawe ilipozoea kukaa.
Kijana alihamia Alberta, akauacha
chini ya mapambo ya Krismasi.
“Chukua,” Lorne akasema. “Ila kompyuta yako ya pengwini
haitautambua.”

Kompyuta yangu niliipata maktaba walipokuwa wakizitupa.
Mfumo wake wa zamani ulinidai mashine mpya,
nikaufuta, nikaweka Linux,
nayo haikuniomba hata senti.

Lorne alikosea kidogo. Iliutambua.
Ilihesabu vitufe, ikahesabu pedali tatu,
ikasoma mzunguko wa mkono wangu digrii kwa digrii,
na kwenye skrini gari likakata kona.
Lakini viganjani, kimya.
Usukani ulizunguka kama kijiko
ndani ya kikombe kitupu.
Lami, changarawe, barafu: vyote ladha moja.

Nikadodosa, nikasoma, nikagundua
kinachokosekana kinaitwa dereva.
Nikacheka peke yangu jikoni.
Kumbe si mtu. Ni kurasa za msimbo
zinazokaa katikati ya kifaa na kiini cha mfumo,
zikipeleka habari huku, zikirudisha nguvu kule.
Walioutengeneza usukani waliwaandikia dereva
wenye mfumo ule mwingine,
wakafunga mlango, wakaondoka na ufunguo.

Basi Februari yote nikatega sikio mlangoni.
Nilichomeka usukani kwenye kompyuta ya Lorne
nikanasa kila neno lililopita wayani:
amri hii inakaza,
hii inalegeza,
hii inatikisa,
na hii, yenye sifuri nane, sijui mpaka leo.
Niliyaandika kwenye daftari langu la zamu,
nyuma ya vipimo vya bolti.
Saa kumi alfajiri tingatinga la theluji lilipita
likimulika dari, nami bado natafuta
nukta-mkato niliyoisahau.

Usiku wa kwanza msimbo ulipokubali
niligusa kitufe, nikaingia kona ya kushoto,
na usukani ukanipokonya mikono,
ukazunguka hadi mwisho, paa! ukanipiga kidole gumba.
Nikaurudisha. Ukanipiga tena.
Niligeuza kidogo kushoto, ukasema kushoto zaidi.
Niligeuza kidogo kulia, ukasema kulia, kulia, twende.
Ulikuwa unakubaliana nami kwa kila kitu.
Sijawahi kuogopa kitu namna ile.

Mstari wa mia mbili na kumi na sita:
nilikuwa nimejumlisha. Ilitakiwa kutoa.
Kistari kimoja, kifupi kuliko punje ya mchele.

Nikakiweka.

Kona ileile. Usukani ukanikatalia,
kwanza polepole, halafu kwa uzito,
na tairi lilipopanda ukingo wa njia
mtetemo ukapanda mpaka kwenye viwiko,
ubao wa pasi nilioufungia ukalia kama kitanda kibovu.
Tairi za mbele zikaanza kuteleza;
nilijua kabla macho hayajaona,
kwa sababu ghafla mikono ilikuwa myepesi.

Asubuhi Lorne alikuja na viatu vyenye theluji,
akakaa, akazunguka njia mara mbili bila neno.
Kiwandani alikuwa mpimaji wa magurudumu, zamu ya usiku,
na hatukuwahi kuonana.
Akaachia mikono kwenye mstari ulionyooka,
akatazama.

“Unavuta kushoto,” akasema. “Kidogo.”

Nikafungua daftari
kwa kidole gumba kilichovimba.
Nikaandika: kushoto. Kidogo.